Mwaka Nilipolala Kwenye Kaburi la Mkwe

Jambo la kwanza la kijinga nililofanya mwaka ule ni kuruka ndani ya kaburi la mtu nisiyemjua, nikalala chali, nikakunja mikono kifuani na kutangaza kwamba sitoki mpaka niletewe jogoo. Marehemu mwenyewe alikuwa bado juu, kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa shuka, anasubiri nafasi yake. Nilifanya mambo mengine ya kijinga baadaye, lakini lile ndilo lililozaa yote yaliyofuata, kwa hiyo bora tuanze nalo tulimalize.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya punda. Wiki iliyopita Mjomba Elia alituma ujumbe kwa kondakta wa basi kwamba Ruksa amekufa, amelala tu asubuhi akakataa kuamka, na kwamba mama aniambie taratibu maana tulikuwa tumezoeana. Mama akaniambia nikiwa nakula: "Punda wenu kafa. Maliza ugali." Najua wanaoandika kumbukumbu huwa na mvi, na mimi nina chunusi. Nipo kidato cha sita, nina miaka kumi na tisa, na bwenini wananiita Mzee kwa sababu nyingine kabisa. Lakini ninaye marehemu wa kumkumbuka, ninao mwaka mmoja ulionigeuza, na mtihani uko mbali. Hayo yananitosha.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili. Shule ilifungwa katikati ya muhula kwa kukosa chakula. Mkuu wa shule alitutangazia kwenye paredi kwa sauti ya ushindi, kana kwamba sisi ndio tulioushinda unga. Nikarudi nyumbani Mwankoko na sanduku langu la bati kichwani. Mama alikuwa uani anapepeta uwele. Aliniona, akaliona sanduku, akaendelea kupepeta. Baada ya siku chache nilikuwa nimeshamwigiza mchungaji mbele ya mke wake, nimemfundisha kasuku wa jirani neno ambalo sitaliandika hapa, na nimewaambia wanakwaya kwamba mazoezi yameahirishwa. Mama akamwita kaka yake. "Elia, mchukue huyu. Huko milimani unakopita hakuna watu wengi wa kuudhi."

Mjomba alikuwa karani wa chama cha ushirika hadi ushirika ulipokufa. Wakati huo nguo za mitumba, zile tulizoziita kafa Ulaya, zilikuwa zimeanza kuingia kwa marobota, na mtu yeyote mwenye miguu aliweza kuwa mfanyabiashara. Zamani kila kitu kilihitaji kibali. Sasa kila kitu kilikuwa ruksa. Mjomba akanunua punda, akampa jina hilo hilo, akambebesha robota, akaanza kutembeza nguo kwenye mabonde ya juu ya Isanzu, kule ambako gari lilifika kwa kupotea njia. Alikuwa mtu mzima, hana mke, na mama alikuwa ameshaanza kumwombea kanisani kwa kumtaja jina. Safari ile ilikuwa na jambo zaidi ya nguo. Ndani ya robota, mbali na makoti na suruali, kulikuwa na doti ya khanga mpya iliyofungwa kwenye gazeti. Nilipoigusa, mjomba alinipiga kofi la mkono. "Hiyo si ya kuuza, anko. Hiyo ni ya Raheli." Alikuwa ameshapeleka mshenga kwa baba yake Raheli, na mzee ameshalipokea jembe la posa. Lililobaki lilikuwa ni yeye mwenyewe kwenda kukaa mbele ya wazee na kupewa jibu.

Tulitoka Ilongero tukapita Mtinko, na baada ya Nduguti nchi ikaanza kukunjamana. Milima ya kule haina majani mengi. Ni mawe juu ya mawe, mengine yamekaa kama yamewekwa kwa mzaha, na katikati yake kuna mabonde ambayo huyaoni mpaka uwe umesimama ukingoni. Kila bonde lina moshi wake, mtama wake na lugha yake. Kulikuwa na upepo wa baridi wa mwezi wa sita, na watu walikuwa wanavuna. Hapo ndipo nilipojifunza utani wa barabarani. Tulipofika karibu na shamba, mjomba alipaza sauti: "Wanyaturu tumefika, ficheni mboga!" Mama mmoja akainuka katikati ya mtama, mkono kiunoni. "Wangekuja nzige tungeshukuru. Nzige hushiba." "Nzige hawaleti nguo." "Nguo zenyewe mmewavua maiti!" Wakaendelea hivyo mpaka tukajikuta tumekaa kwenye baraza ya tembe, mbele yetu ugali wa mtama na mlenda, na mama yule akimtukana mjomba huku anamwongezea. Nikamuuliza mjomba ni ugomvi gani huu. Akaniambia sisi na watu wa huku ni watani. Unamtukana, anakutukana, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna nchi ambako kipaji chake ndiyo kazi. Tangu hapo nilitangulia mbele ya punda, natukana bonde zima.

Ndiyo maana, tulipofika kwa kina Raheli tukakuta baba yake amefariki usiku wa jana na watu wamejaa uani, sikuogopa. Niliwahi kuona kwetu jinsi mtani anavyofanya msibani: anaingia kaburini, analala, anakataa kutoka mpaka apewe kitu, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka huku machozi yanatiririka. Nilimwangalia mjomba amesimama mbali, kofia mkononi, uso umemsawajika, na Raheli amekaa chini na shangazi yake, kitambaa kimefunika nusu ya uso. Nikajisemea: hawa wanahitaji kucheka, na anayeweza kuwachekesha ni mimi. Wachimbaji walipopanda kupumzika, nikaruka.

Kaburini kuna baridi ya peke yake. Nilitangaza habari ya jogoo, nikasubiri kicheko. Hakikuja. Niliona vichwa vinatokea ukingoni kimoja kimoja, na nyuma yao mbingu. Mwinjilisti alikuwa ameshafungua Biblia, kidole kiko kwenye mstari, mdomo wazi. Mtu akauliza, "Huyu ni wa nani?" Sauti nyingine ikajibu, "Wa yule anayeposa." Hapo ndipo niliposikia ukimya ukibadilika. Nikamwita mjomba. Hakuja, na baadaye nilielewa kwamba asingeweza kuja: mkwe hasogelei kaburi la baba wa mchumba wake kama anayesogelea kisima. Aliyeshuka ni mzee mnene aliyeitwa Masanja, Msukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake miaka mingi, ambaye ndiye hasa mtani wa nyumba ile. Alinishika kola. "Dogo," alisema kwa kunong'ona, akihema, "hii kazi ni yangu. Nimekaa tangu asubuhi najiandaa. Toka." Akanisukuma juu kama gunia la karanga. Na yeye hakubaki kulala, aliona nimeshaiharibu.

Baba yake Raheli alizikwa bila mzaha wowote. Baada ya mazishi Shangazi Damari, dada wa marehemu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu aliinama ili aisikie, alimwita mjomba akae mbele yake. Mimi nilikaa nyuma ya mjomba. Hakuniangalia hata kidogo. "Elia, wewe ulileta jembe hapa ukasema unataka kuwa mkwe. Leo mtu wako ameingia kwenye kaburi la kaka yangu kama mtani. Mkwe anainamisha kichwa, mtani anakanyaga. Nyumba moja haiwezi kukupokea kwa miguu yote miwili. Sasa niambie, tukuweke upande gani?" Mjomba akasema ni utoto. "Utoto haukutembea peke yake kutoka Singida," akajibu. "Mmekuja kama watani, ondokeni kama watani, posa tumeiweka chini. Mkitaka kuiinua, mje siku ya kumaliza matanga na kondoo wa kutakasa ua, na asali ya Wahadzabe ya kutengenezea pombe ya kaka yangu. Huyu mtoto aibebe mwenyewe. Na siku hiyo akae hapa tangu jua likichomoza mpaka lizame, afanywe lolote atakalofanywa, mdomo wake ukiwa umefungwa kama mkwe. Akijibu neno moja, Raheli atapewa mtu mwingine."

Mjomba hakunigombeza. Hilo lilikuwa baya kuliko kiboko. Tulishuka kuelekea Mwangeza, yeye mbele, Ruksa katikati, mimi nyuma nikila vumbi la wote wawili. Sikujua bado kufunga mdomo. Tulipofika kwa Mmbulu mmoja aliyekuwa anamfahamu mjomba, mtu mkarimu mwenye nyumba iliyochimbwa nusu ndani ya mteremko, nikaona nijikomboe kwa kuieleza habari ya kaburi mlangoni, na sauti ya mwinjilisti nikaiigiza vizuri tu. Mwenyeji alianza kutabasamu, kisha akaacha. "Uliingia kabla ya maiti? Halafu ukaoshwa na nani?" Sikuoshwa na mtu. Akarudi nyuma hatua moja, akafunga mlango taratibu, kwa adabu kabisa, akatuomba tukae kwenye banda la mbuzi. Kwao mtu aliyegusana na kifo hivyo haingii nyumba yenye watoto na mifugo mpaka atakaswe. Chakula kilitufikia kwenye kibuyu kilichowekwa chini na kusukumwa kwa fimbo. Tulipomaliza nikataka kukirudisha. "Hapana, mwanangu," alisema kutoka mbali, "hicho ni chako. Nenda nacho." Mjomba akakigeuza geuza. "Angalau chombo cha asali tumepata," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu msibani, na nilishukuru kama niliyepewa mahari mimi.

Kondoo tulimpata kwa Wabarbaig, chini zaidi, ambako bonde linapanuka na ng'ombe ni wengi kuliko mawe. Boma lao ni la miiba, na wanawake walivaa sketi za ngozi zenye nyuzi ndefu na bangili za shaba zilizogongana walipotembea, hata unamsikia mtu kabla hujamwona. Tulipewa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa moshi, yenye ladha ya mkaa na uchachu, na nilikunywa mengi kwa sababu mdomo uliojaa hausemi. Mzee wa boma alilipekua robota lote bila haraka, akatupa pembeni mashati ya maua, akatoa koti zito lenye kola ya manyoya, lililoshonwa kwa ajili ya nchi ya barafu. Akalivaa juu ya shuka lake jeusi, akachukua mkuki wake, akasimama. Kusema kweli alipendeza. Lakini mimi nikamwambia kwamba kondoo wakimwona hivyo watadhani baba yao amerudi. Kijana wake aliyejua Kiswahili akatafsiri. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyekasirika. Mzee akaniangalia kwa huruma, akauliza kitu, na kijana akamgeukia mjomba: "Baba anauliza, huyu mtoto mdomo unamuuma?" Mjomba akafikiri, akajibu, "Tangu azaliwe." Mzee akaagiza niletewe maziwa zaidi. Tuliondoka na kondoo jike mweusi mwenye mkia mnono, na mpaka leo siwezi kuamua kama aliyetaniwa pale alikuwa yule mzee au mimi.

Wahadzabe ndio walionimaliza. Kwetu walizoeleka kuitwa Watindiga, na shuleni tulifundishwa habari zao kwa sentensi mbili, zote zenye kosa. Tuliwakuta kwenye vilima vya mawe upande wa Munguli, wamekaa kivulini, wanaume wananyoosha mishale kwa meno, wanawake wanachoma mizizi. Mjomba alitoa visu, tumbaku na kaptula, na hakuna aliyejadili bei. Walichukua walichotaka, wakasema asali ipo kwenye mti, twende. Niliona mtu akipanda mbuyu kwa vigingi vya mti alivyovipigilia mwenyewe, moshi mkononi, nyuki usoni, anazungumza na walio chini kama aliyekaa kwenye kiti. Tulikula masega pamoja na watoto wa nyuki waliomo ndani, vidole vikanata mpaka jioni. Kisha mjomba, ambaye siku nyingi alikuwa amekaa na jambo hili kifuani, akawasimulia habari ya kaburi. Walicheka kabla hajamaliza. Mmoja wao, mfupi mwenye kaptula mpya, akasimama akaanza kuniigiza: jinsi ninavyotembea nimetanguliza tumbo, jinsi ninavyoangalia pembeni kabla ya kusema mzaha ili nione nani anasikiliza. Sikujua kwamba huwa ninaangalia pembeni. Akalala chini, akakunja mikono kifuani, akafungua jicho moja. Wenzake wakainuka kimya kimya, wakachukua pinde zao, wakaondoka wote wakamwacha amelala peke yake, jicho moja linawatafuta. Walirudi wakianguka kwa kicheko. Mimi nilicheka pia, lakini nilicheka nikiwa wa mwisho, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye nafasi hiyo. Niliendelea kuliona lile jicho moja njia nzima ya kupanda milima, kibuyu cha asali begani, kondoo akinivuta nisikotaka kwenda.

Siku ya kumaliza matanga Shangazi Damari aliipokea asali, akaionja kwa kidole, akampokea kondoo, akaonyesha mahali pa kukaa: juu ya kinu kilicholazwa katikati ya ua. Jua lilikuwa linachomoza. Mjomba aliwekwa na wazee, mgongo kwangu. Nilimwona Raheli akipita na mtungi wa maji, akipita tena, na tena, na maji yale hayakuwa na haraka ya kufika popote. Hapo nikaelewa kwamba si mjomba peke yake aliyekuwa ananitegemea.

Masanja alikuja ameshiba na amejiandaa. Mtani huyu alikuwa ameibiwa msiba mmoja, na alikusudia kujilipa. Alinimwagia majivu kichwani. Akanipima kwa kamba, kichwani hadi miguuni. "Lile halikukutosha, dogo? Nakuchimbia la kwako, la kipimo chako!" Watu wakavunjika mbavu. Akamleta bibi mmoja anipose. Akauliza kama Wanyaturu wote huzaliwa na ulimi au wengine huazima. Yote hayo niliyaacha yapite. Nilikodoa macho kwenye jiwe moja na kuhesabu nyufa zake. Mchana jua likawa kali, majivu yakageuka uji shingoni, na Masanja akaacha kunishambulia mimi akamgeukia mjomba. "Oneni posa ya kisasa! Mwenzenu anataka kuoa kwa suruali ya maiti! Siku ya harusi maiti atakuja kutoka Ulaya kuidai, bwana harusi abaki na nini?" Ua mzima ukalipuka. Masanja akaniinamia, pua kwa pua, anasubiri. Na jibu lilikuwepo. Lilikuja lenyewe, zima, limevaa na viatu, jibu ambalo lingemkalisha Masanja chini mbele ya ng'ombe wake wote. Ninalo mpaka leo. Nilifungua midomo, nilihisi upepo kwenye meno. Nikataka kuangalia pembeni nione nani anasikiliza, na hapo hapo nikaliona jicho la yule Mhadzabe, jicho moja, amelala peke yake. Nyuma ya wale watu wanaocheka, Raheli alikuwa amesimama na mtungi, hatembei tena. Nikafunga mdomo. Ruksa, aliyekuwa amefungwa kwenye mti na hakuwa ameahidi lolote kwa mtu yeyote, ndiye aliyemjibu Masanja, kwa mlio mrefu wa kukatika katika uliowafanya hata wazee washike fimbo zao ili wasianguke. Masanja alimnyooshea punda mkono. "Huyu," alisema, "ndiye mwenye akili kwenye msafara huu."

Jua lilipogusa mawe ya magharibi Shangazi Damari akaja mwenyewe mpaka kwenye kinu. Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Kisha akamwita Raheli kwa ile sauti yake ya chini: "Lete maji, mkwe anawe." Mjomba hakugeuka, lakini mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua robota.

Raheli aliletwa Singida kabla mwaka haujaisha, na leo ni yeye anayekaa na mjomba na watoto wawili huko Ilongero. Jumapili hii tulikwenda kumpa mjomba pole ya punda. Tulikuwa tunakula, mazungumzo yakafika kwenye kaburi kama yanavyofika siku zote, na mke wa mjomba akaacha kutafuna. "Unajua," alisema, "mtu mmoja tu angecheka siku ile. Baba. Angecheka mpaka akohoe." Sikuwa na la kuongeza, na safari hii hakuna aliyekuwa amenikataza.

Lakini nilikuwa naeleza mwaka ule. Tulirudi Mwankoko tumechoka, majivu bado masikioni mwangu. Mama alikuwa pale pale uani, na uwele wake. Mjomba alikaa kwenye kigoda akamweleza yote, kaburi, Mmbulu, kondoo, asali, na jinsi nilivyokaa kwenye kinu kutwa nzima natukanwa nisijibu hata neno. Mama hakuacha kupepeta mpaka mjomba alipofika mwisho. Akaweka ungo chini. Alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, kisha akasema:

"Kumbe unaweza! Na mimi miaka yote hii nakuhurumia, nikidhani ni ugonjwa."